Plasta Juu ya Swichi

Mpaka leo nikiingia nyumbani kwa mtu, kabla sijakaa, macho yangu yanatafuta swichi za ukutani. Mke wangu amezoea. Wenyeji hudhani nakagua rangi. Ukweli ni kwamba natafuta kipande cha plasta ambacho nilikibandika mwenyewe, nikakibandua mwenyewe, Kariakoo, miaka ile ya soko huria, na ambacho kilikwisha oza zamani kwenye jalala fulani. Kwangu hakijaoza.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia. Baba yangu, ambaye alikuwa amepanga foleni za sabuni na sukari nusu ya maisha yake, akija mjini alisimama tu mbele ya maduka akitikisa kichwa. Kompyuta zilizochoka za ofisi za watu zilifika Dubai, zikapakiwa kwenye makontena na kushushwa Kariakoo kama mitumba mingine yoyote. Mimi nilikodi chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitenge, nikawa fundi wa hizo kompyuta. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mke, na nina kichwa kikubwa kupita kofia zote.

Mfumo wa Linux, wa kuendeshea kompyuta, niliupata kwenye diski iliyokuja imebandikwa kwenye gazeti la kompyuta la Ulaya, gazeti lenyewe nimelikuta kwenye rundo la magazeti ya mitumba barazani. Mafundi wenzangu walinicheka. Mfumo gani huo hauna hata picha, maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi? Lakini mimi nilikuwa nimegundua jambo lililoninyima raha ya chakula. Nyuma ya kila kompyuta ya wakati ule palikuwa na poti ya printa, yenye matundu ishirini na matano. Kwa watu wote ilikuwa mahali pa kuchomeka printa. Kwangu ilikuwa nyaya nane ambazo ningeweza kuziwasha na kuzizima kwa kuandika maneno.

Njia ya kwanza niliyojaribu ilikuwa ya kudanganya. Unaiambia Linux kwamba pale pana printa, unatuma herufi kama unayechapa barua, na herufi inatokea kwenye nyaya, nyingine zina umeme na nyingine hazina. Tatizo, mfumo hautumi kitu mpaka printa iseme iko tayari, na printa haikuwepo. Nikaunganisha nyaya mbili tatu nyuma ili poti ijijibu yenyewe kwamba tayari. Nilicheka peke yangu chumbani. Njia ya pili ilikuwa ya kiungwana zaidi: unaingia kama mkubwa wa mashine, unaomba ruhusa ya kuigusa poti, kisha unaandika namba moja kwa moja kwenye anwani yake, tatu saba nane kwa hesabu ya watu wa kompyuta, ile ya kumi na sita. Anwani hiyo niliijua kuliko namba ya nyumba yetu. Njia ya tatu ilikuwa ya kihuni. Lipo faili moja linalowakilisha poti zote za mashine. Unalifungua, unasogea mpaka mahali pake, unaandika. Ukikosea mahali, umeandika kwenye kitu kingine kabisa na mashine inaganda. Miaka ya baadaye ikaja njia ya nne, ambayo inakutaka kwanza uidai poti na ukimaliza uiachie wengine. Wakati ule hatukuwa nayo, na sidhani kama adabu hiyo ingenifaa.

Nilikuwa nimefunga vitaa vinane vyekundu kwenye kipande cha ubao, kila waya na kitaa chake. Nikiandika namba, vinawaka nilivyotaka. Ila kila nilipoiwasha kompyuta, kabla Linux haijaamka na kabla programu yangu haijasema lolote, vitaa vyote vinane viliwaka kwa pamoja. Vilibaki vinawaka mpaka programu yangu ianze, nayo ilikuwa ya mwisho kuanza, ndipo ikaandika sifuri na vikazimika. Niliona. Niliona mara mia. Nikasema moyoni, vitaa tu hivyo.

Mtaa wa pili kutoka kwangu palikuwa na duka la viungo la mzee mmoja wa Kihindu, mtu aliyezaliwa Kariakoo, na baba yake kazaliwa Kariakoo, ambaye Kiswahili chake cha mtaani kilikuwa kikali kuliko changu. Nyuma ya duka alikuwa na mashine ya kusaga: binzari, pilipili, giligilani, na dengu za unga. Mota yake ilikuwa imeungua mara mbili kwa kusaga bila kupumzishwa. Nilipokwenda kumtengenezea kompyuta yake ya stoo, akanilalamikia habari za mota, na mimi hapo hapo nikamwambia nitamfungia kompyuta ya kuipumzisha. Isage dakika kadhaa, ipumzike dakika kadhaa, yenyewe.

"Yenyewe?" akauliza.

"Yenyewe, mzee. Wewe kunywa chai tu."

Saa ya ukutani na mtu wa kuitazama vingetosha. Nililijua hilo hata nikiwa namwambia. Nilitaka tu nyaya zangu nane zisogeze kitu kikubwa kuliko vitaa.

Aliyeisimamia ile mashine alikuwa mama mmoja wa kutoka Kusini, upande wa Lindi, wa makamo, mwembamba, mwenye kilemba kilichofifia kwa vumbi la binzari. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Duka lilikuwa na wateja wasiokula kabisa kitunguu wala kitunguu saumu kwa imani yao, na viungo vyao havikutakiwa kupita kwenye mashine iliyosaga saumu mpaka isafishwe. Wengine mjini walipuliza tu upepo wakasema tayari. Yeye aliingiza mkono mpaka ndani, pale parafujo kubwa linaposukuma nafaka kwenda kwenye mawe, akafuta kwa kitambaa chenye maji ya ndimu, kisha akavinusa vidole. Wateja wale walimwamini yeye kuliko mwenye duka. Na unga ukitoka, alichukua kidogo, akausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada macho yake yakiwa yanaangalia kwingine, akasema, "Bado," au akasema, "Umefika." Hakukosea. Mzee alikuwa akimtania kwamba vidole vyake ndivyo vyenye duka, yeye ni karani tu.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mwanangu siku hiyo hiyo.

Nikafunga vyombo vyangu. Waya mmoja wa poti ukaenda kwenye rilei, ile swichi ndogo inayovutwa na sumaku, na rilei ikaamuru swichi kubwa ya mota. Kompyuta na mota vyote nikavitoa kwenye laini moja, chini ya swichi moja ya ukutani. Mashine ikaanza kusaga na kupumzika kwa amri yangu. Watu walikuja kutazama kutoka maduka ya jirani. Mzee akaagiza soda. Nadhani sijawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile.

Taabu ilianza kesho yake. Yule mama alikuwa na desturi yake: kabla ya kuingiza mkono, anazima swichi ya ukutani. Siku zote alifanya hivyo. Sasa akizima, anaikatia umeme na kompyuta katikati ya kazi, na Linux ya wakati ule ukiikata ghafla ilikuwa inaamka mgonjwa, inaanza kukagua diski nzima, na wakati mwingine hainyanyuki mpaka uje uishike mkono. Nikaitwa asubuhi, nikaitengeneza. Nikaitwa tena adhuhuri, kwa kosa lile lile. Nikapandwa na hasira. Nilimwonyesha kitufe cha kubonyeza akitaka kusafisha, kwamba mashine itasimama na haitazunguka mpaka abonyeze tena. Kisha nikaenda duka la dawa, nikanunua plasta nyeupe ile ya hospitali, nikaziba swichi ya ukutani, na juu yake nikaandika kwa wino mwekundu: USIGUSE.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi roho yangu haitulii nikitia mkono na hii haijazimwa."

"Mama, hii siyo mashine ya zamani. Hii ina akili yake."

Alikuwa mtu wa kutii mafundi.

Siku iliyofuata umeme ulikatika na kurudi wakati mzee na yule mama wako mbele dukani. Nilipopita jioni kukagua kazi yangu, yeye ndiye aliyenifuata mlangoni.

"Fundi, umeme uliporudi mashine imejiwasha. Imezunguka, imezunguka, halafu ikasimama yenyewe."

Vitaa vyangu vinane viliniwakia kichwani. Nilijua pale pale ni nini. Kompyuta ile swichi yake ilibaki imebonyezwa, umeme ukirudi nayo inaamka. Na tangu inapoamka mpaka programu yangu ianze, nyaya zote za poti zina umeme, rilei imevutwa, mota inazunguka. Na kwa kuwa ilikatwa ghafla, ingekaa inakagua diski dakika nzima au zaidi kabla ya kufika kwenye programu yangu. Nililijua lote hilo kwa kufumba na kufumbua. Dawa yake pia niliijua. Ningemwambia mzee tuzime mpaka kesho.

Nikamwambia yule mama, "Inajipima tu. Ni kawaida yake."

Nataka niliandike vizuri, kwa sababu kwa miaka nimekuwa nikijisimulia kwamba sikujua. Nilijua. Niliona aibu kusema kwamba kitu nilichokisifia mbele ya mtaa mzima kina kasoro, na nikajiambia nitakirekebisha kimya kimya Jumamosi.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Umeme ulikatika saa tano. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya barabara kwenye benchi la muuza kahawa, nabishana habari za mpira. Wakati wa mgao wa umeme mtaa ule ulikuwa na tabia yake: umeme ukirudi, kelele zinaanzia mtaa wa mbali, "Umerudiii!", zinapokelewa duka kwa duka, redio zinaamka, mafeni yanaanza kuzunguka. Kelele zikaja. Nikanyanyua kikombe. Kisha, ndani ya zile kelele za furaha, nikasikia nyingine.

Alikuwa ameutumia ule muda kusafisha. Ndivyo mtu yeyote mwenye kazi angefanya: hakuna umeme, oda ya wasiokula saumu inasubiri. Kitufe changu cha kubonyeza hakikuwa na maana kwa kompyuta iliyozimika. Swichi ya ukutani ilikuwa na plasta.

Nilipoingia alikuwa amekaa sakafuni, mkono wa kulia umefungwa ndani ya kanga na kanga inabadilika rangi. Halii. Anasema neno moja tu, polepole, "Vidole, vidole." Tukambeba mpaka kwenye pikapu, mzee akaendesha mwenyewe kwenda hospitali akipiga honi mfululizo katikati ya mikokoteni, na mimi nikaambiwa nibaki nilinde duka.

Nikabaki peke yangu na mashine. Ilikuwa imekwisha simama. Kwenye kioo, Linux ilikuwa imemaliza kukagua diski, na alama yake ilikuwa inameta, inasubiri amri. Kisha nikaenda ukutani, nikaibandua ile plasta. Ilitoka kirahisi. Nikaisugua gundi kwa kidole mpaka ukuta ukawa safi, nikaikunja plasta ndogo ndogo, nikaitia mfukoni.

Kisha nikafungua begi langu la vifaa na nikafanya ile kazi ya Jumamosi. Nilifunga saketi ndogo ambayo mota haipati umeme mpaka waya wa poti uwe unapigapiga bila kukoma, kuwaka na kuzima, jambo ambalo programu iliyo hai tu ndiyo inaweza kulifanya. Waya ukiwaka tu na kukaa, hakuna kitu. Vifaa vyote nilikuwa navyo tangu siku ya kwanza. Haikunichukua hata saa mbili.

Vilikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, kwenye kiungo cha pili. Aliporudi dukani baada ya wiki mbili, mkono umefungwa, mzee alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Nilikuwepo. Mzee akamuuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza:

"Mama, siku zote unazima swichi. Siku ile ilikuwaje?"

"Ilikuwa na plasta, mzee. Fundi aliweka plasta."

Wote wawili wakageuka kuitazama swichi. Ilikuwa nyeupe, tupu, safi kuliko ukuta wote. Kisha wakanigeukia mimi. Mzee hakuwa na kawaida ya kuingia nyuma wakati wa kusaga. Kama aliwahi kuiona plasta, hakuikumbuka. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

"Ilikuwepo siku za mwanzo," nikasema. "Niliitoa."

Sikusema niliitoa lini. Nilijipongeza moyoni kwamba sijasema uongo.

Yule mama aliitazama swichi kwa muda mrefu, kisha akatazama mkono wake. "Basi nilisahau," akasema. "Labda nilisahau."

Hakurudi kazini. Mzee alimgharamia matibabu na kumsaidia kuanza biashara ndogo nyumbani, akaajiri mtu mwingine ambaye alipuliza tu upepo. Wateja wasiokula saumu walipungua mmoja mmoja. Mimi sifa zangu zilienea: fundi aliyeifungia mashine ya Mhindi kompyuta, na baada ya hiyo ajali ya mama aliyesahau, kaongeza na usalama. Nilipata kazi nyingine nne kwa sifa hizo.

Ikapita miaka saba. Nikaoa, nikahamisha ofisi. Siku moja mzee akanipigia simu niende nikaing'oe ile kompyuta, maana anafunga kinu. Viungo vya pakiti vimejaa mjini na yeye amechoka. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashine, nafungua skrubu mbili za poti ya printa, aliposema kwa sauti ya kupiga soga tu:

"Yule mama alipita juzi. Unajua kila akija ananiomba radhi? Miaka saba. Eti alinivunjia kazi kwa usahaulifu wake. Namwambia mama acha bwana, yamekwisha. Hasikii."

Skrubu ya pili nikashindwa kuifungua.

Kesho yake nikaenda Magomeni kwa yule mama. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, vyumba pande mbili na ukumbi katikati, na yeye alikuwa ukumbini anapiga pasi sare za wanafunzi, pasi kaishika kwa mkono wa kushoto. Amezeeka. Alinijua kabla sijasema shikamoo.

"Marahaba, fundi wangu! Karibu, mwanangu, karibu."

Akazima pasi ukutani, akaniletea kigoda. Binti yake mkubwa, mwanamke mtu mzima, alikuwa anachambua mchicha pembeni. Tukaulizana hali. Katikati ya salamu akainuka, akaenda kuitazama swichi ya pasi, akarudi. Baada ya muda kidogo akainuka tena, akaigusa, akarudi. Mara ya tatu binti akasema bila kunyanyua macho, "Mama, umezima, nimekuona."

"Mimi nina usahaulifu," yule mama akaniambia, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba ana sukari. "Tangu ule wakati. Hata chumvi chunguni sitii mpaka huyu anitazamie. Naweza nikawaunguzia nyumba hawa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya vidole. Nilikuwa nimepanga maneno ya vidole njia nzima. Hili sikuwa nimeliwazia hata mara moja.

Nikasema, "Mama, plasta ilikuwepo."

Akaacha kuitazama swichi ya pasi.

"Siku ile. Ilikuwepo. Niliibandua mimi, nyie mkiwa hospitali. Hukusahau kitu. Na uliponiambia mashine inajiwasha, nilijua kwa nini, nikakudanganya."

Binti aliacha mchicha. Nje watoto walikuwa wanagombana. Yule mama hakunitazama, aliitazama hewa iliyokuwa mbele yake, na mkono wake wa kulia ukanyanyuka.

"Ilikuwa nyeupe," akasema. "Na wino mwekundu."

"Ndiyo."

"Pembe moja ya chini ilikuwa inabanduka. Nikawa naikandamiza kila nikipita, isije ikatoka ukaja kugomba." Alikuwa anakandamiza hewani kuonyesha, kwa kile kidole ambacho hakipo. "Nikawa naikandamiza hivi."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Yeye hakulia. Aliningoja nimalize, akanielekeza kwa binti yake.

"Rudia. Sema na huyu asikie."

Nikarudia yote, kuanzia vitaa vinane, mbele ya mwanamke ambaye kwa miaka saba alikuwa akizima baada ya mama yake. Nilipomaliza binti alisimama akaingia chumbani, akafunga mlango. Yule mama hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Aliuliza tu kama nina watoto. Nikasema nina mmoja. Akasema vizuri.

Nilipoaga, akachukua kanga yake anisindikize mpaka barabarani, kama mgeni yeyote. Tulikuwa tumeipita nyumba ya tatu binti alipotokea mlangoni nyuma yetu, macho mekundu, akaita kwa mazoea:

"Mama! Pasi umezima?"

Yule mama hakusimama wala hakugeuka.

"Nimezima," akasema.

Akaendelea kutembea. Mimi ndiye niliyegeuka kutazama.